Nina miaka 67, ndiyo kwanza naambiwa mshipa wangu wa moyo ulikaa vibaya tangu kuzaliwa

"Daktari, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, nina miaka 67, naishi Lushoto na nalima mboga. Nina presha ya muda mrefu, natumia amlodipini. Tangu mwaka jana nikipanda kutoka shambani na mzigo kifua kinabana katikati, nikisimama dakika tatu nne kinaachia. Nimetibiwa vidonda vya tumbo mara mbili bila nafuu. Mwezi uliopita mwanangu alinipeleka Dar es Salaam nikapigwa CT (picha za eksrei za tabaka kwa tabaka) ya mishipa ya moyo. Majibu yanasema mshipa wa kulia wa moyo umeanzia upande wa kushoto na unapita katikati ya aota na mshipa wa mapafu, na kwamba nimezaliwa hivyo. Wameandika pia kuwa mshipa wa mbele wa kushoto umepungua asilimia 50. Aliyenisomea majibu alisema hitilafu kama hii ndiyo inayowaangusha wanamichezo uwanjani. Mwanangu aliyeko Muscat anataka niende India nikapasuliwe haraka. Mke wangu ameshanikataza hata kushika jembe. Nimeishije miaka yote hii? Nipasuliwe? Na wajukuu zangu, mmoja anacheza mpira shuleni, wanayo pia? Nimepewa miadi ya wiki tatu zijazo, na usingizi siupati."

Shikamoo, Mwalimu. Nianze na usingizi, maana huo ni wa leo usiku. Mtu aliyefika miaka 67 na mshipa wa kulia unaotokea kushoto, akapanda na kushuka milima ya Usambara miaka yote hiyo bila kuzimia (hukuandika kuwa uliwahi kuzimia, nami nachukulia hivyo), hayumo katika kundi la wale wanaoanguka uwanjani. Una tatizo la moyo, sitakuficha. Ila nadhani familia nzima imekodolea macho mshipa usio wenyewe. Barua yako imezungumzia kwa kirefu mshipa uliokaa vibaya, na mshipa wa mbele uliopungua nusu umepata sentensi moja tu. Mimi ningeanza na huo wenye sentensi moja. Lakini huo mwingine ndio uliokutisha, kwa hiyo tuumalize kwanza.

Aota, ule mshipa mkuu unaotoka moyoni, ina vifuko vitatu vidogo pale mwanzo wake, juu tu ya valvu. Kwa kawaida kifuko cha kulia hutoa mshipa wa kulia wa moyo. Cha kushoto hutoa mshipa wa kushoto, ambao haufiki mbali kabla ya kugawanyika: tawi moja linashuka mbele ya moyo, jingine linazunguka kwenda nyuma. Kifuko cha tatu hakitoi kitu. Mishipa hii ndiyo inayoulisha msuli wa moyo wenyewe, kwani moyo, ingawa umejaa damu muda wote, hauwezi kujilisha na ile inayopita ndani yake. Ukiwa umekaa kibarazani, karibu robo lita ya damu hupita katika mishipa hiyo kila dakika. Ukipanda na gunia la karoti, moyo unataka mara tatu au nne ya hapo, tena mara moja.

Wengi hudhani mishipa hii huchipuka kutoka kwenye aota. Ni kinyume chake. Mimba ikiwa na wiki sita hadi nane, vijishipa vidogo hujifuma juu ya moyo, kisha huitafuta aota na kuupenya ukuta wake. Mara nyingi kila mmoja hupenya penye kifuko chake. Wako ulipenyea kushoto, na kwa kuwa sehemu unayoilisha iko kulia, ukalazimika kukatiza kati ya aota na mshipa unaopeleka damu mapafuni. Ilikuwa hivyo kabla mama yako hajajua kwa uhakika kuwa ana mimba. Hausababishwi na chakula alichokula wala dawa aliyotumia, na hauna mkono wa mtu. Hili la mwisho nalisema wazi kwa sababu najua jambo lililofichika mwilini zaidi ya miaka sitini halikosi kutafutiwa mhusika pale ukoo unapokutana.

Wala si jambo geni kama ulivyoelezwa. Mwaka 1990 madaktari wawili wa Cleveland, Marekani, Yamanaka na Hobbs, walichapisha hesabu ya wagonjwa 126,595 waliopigwa picha za mishipa ya moyo kwa njia ya mrija. Waliokutwa na mishipa iliyokaa tofauti walikuwa 1,686, yaani asilimia 1.3, na wengi wao walikuwa na aina zisizo na madhara yoyote. Aina yako ilikuwa kwa takriban mtu mmoja katika kila 1,000. Kwa kipimo hicho, katika kila mji wenye watu laki moja wapo watu mia hivi wenye mshipa kama wako. Wanakwenda sokoni, wanazaa, wanazeeka, na wengi watazikwa bila mtu kujua. Wewe umejulikana kwa sababu kifua kilibana na mwanao akakupeleka penye mashine. Miaka ishirini iliyopita mwalimu wa Lushoto mwenye dalili zako angepewa dawa za vidonda vya tumbo tu, hadithi ikaishia hapo. Kadiri CT za moyo zinavyoongezeka katika miji yetu ndivyo tutakavyozidi kuwakuta wazee wenye "ugonjwa wa kuzaliwa nao". Ugonjwa haujaongezeka, kilichoongezeka ni macho.

Sasa tuje kwenye maneno "unapita katikati ya aota na mshipa wa mapafu". Ukiyasoma unapata picha ya mshipa uliobanwa na mishipa miwili minene, na siku moja itaukamata na kuuminya. Hata baadhi ya madaktari huieleza hivyo kwa sababu ni rahisi kuchora kwenye karatasi. Lakini angalia namba. Presha katika aota ni kama 120 kwa 80. Katika mshipa wa mapafu wenye afya ni kama 25 kwa 10. Mshipa wako wa kulia umejaa damu ya presha ya aota, hivyo ule wa mapafu hauna nguvu ya kuuminya ukafunga. Tatizo, pale linapokuwepo, liko mwanzoni kabisa mwa safari. Mshipa uliopenya mahali pasipo pake mara nyingi hautoki nje ya aota moja kwa moja. Hulala ndani ya unene wa ukuta wa aota kwa milimita kadhaa, na tundu lake la kuingilia huwa limebanana mithili ya ufa badala ya kuwa duara. Umewahi kuuchomeka mpira wa kumwagilia kwenye tangi ukiwa umelala ubavu? Maji ya kunywesha miche yanatoka vizuri, ila ukifungua bomba lote unaona shingo ya mpira inajikunja. Basi ni hivyo: mtu akikimbia kwa nguvu zake zote aota hutanuka kwa kila pigo, ukuta wake unakazwa, na ile sehemu iliyolala ndani ya ukuta inabonyea ubavuni wakati uleule moyo unapodai damu nyingi zaidi. Msuli ukikosa damu ghafla, mapigo yanaweza kuvurugika, na hapo ndipo mtu anaanguka.

Kwa nini wanaanguka vijana, na mzee wa shamba haanguki? Kwanza ni kiasi cha nguvu. Kijana anayefukuza mpira dakika ya 80 anaupeleka moyo hadi mwisho wa uwezo wake. Mkulima wa miaka 67 hupumzika kabla ya kufika huko, na magoti yake humsimamisha kabla ya moyo. Pili, wataalamu wengi wanaona kuwa ugumu unaoingia kwenye aota kadiri umri unavyosonga huifanya isitanuke sana kwa kila pigo, kwa hiyo ukuta hauukazi mshipa kama ujanani. Ni moja ya mahali pachache ambapo uzee wa mishipa unamfaa mwenyewe. La tatu ni zito kuliko yote, na nadhani ndilo ambalo hukuambiwa: ni mshipa upi uliopotea njia.

Kuna uchunguzi uliochapishwa mwaka 2004 juu ya kuruta wa jeshi la Marekani. Katika miaka 25, kati ya vijana milioni 6.3 walioingia mafunzoni, 126 walikufa ghafla bila ajali wala kuumizwa, wengi wao wakiwa mazoezini. Waliokutwa na hitilafu ya kimaumbile katika moyo walikuwa 64, na 21 kati yao walikuwa na mshipa uliotokea mahali pasipo pake. Kwa wote 21, mshipa wenyewe ulikuwa wa kushoto, uliotokea kulia na kupita kati ya aota na mshipa wa mapafu. Hakuna hata mmoja aliyekuwa na aina yako. Sisemi kwamba wa kulia haujawahi kuua, umewahi. Lakini mshipa wa kushoto unalisha sehemu kubwa ya chemba inayosukuma damu mwili mzima, na ukifunga hakuna pa kukimbilia. Wa kulia kwa watu wengi hulisha upande wa kulia wa moyo na ukuta wa chini, pamoja na vituo vinavyoongoza mapigo. Uzito wake ni mwingine kabisa. Kuzisema hitilafu hizi mbili kwa pumzi moja, mbele ya mzee aliyetoka kusafiri usiku kucha kwa basi, si haki.

Kwa uaminifu niseme pia kwamba kuishi miaka mingi si cheti cha usalama kwa kila aina. Pete Maravich alicheza mpira wa kikapu wa kulipwa Marekani kwa misimu kumi, akastaafu, kisha Januari 1988 akaanguka akicheza na marafiki, akiwa na miaka 40. Uchunguzi wa mwili ulionyesha kuwa mshipa wa kushoto hakuwa nao kabisa tangu kuzaliwa. Kwa hiyo simwambii mtu yeyote "umefika mbali, nenda nyumbani". Ninachokwambia wewe ni kwamba umri wako, aina ya mshipa wako na kutokuzimia kwako vyote vinaelekea upande mmoja, tena upande mzuri.

Sasa tuje kwenye ile sentensi moja.

Kifua kinabana katikati, kinabana ukipanda na mzigo, kinaachia ukisimama dakika chache. Mwalimu, umeandika maelezo ya ugonjwa wa mishipa ya moyo kwa ufasaha kuliko vitabu vingi. Haya si ya vidonda vya tumbo. Vidonda havijui kama unapanda au unateremka, vinajua kama umekula au hujala. Na dalili zako zimeanza mwaka jana. Mshipa uliokaa vibaya umekuwa nao miaka 67. Jambo la kuzaliwa nalo likinyamaza miongo sita kisha kifua kikaanza kubana, swali la kwanza la kujiuliza ni kitu gani kipya kimeingia. Kipya ni mafuta na kalisi vilivyojijenga ndani ya mshipa wa mbele wa kushoto, kwa mtu mwenye presha ya muda mrefu. Huu ndio ugonjwa wa kawaida, unaolaza wazee wengi hospitalini, na hauna jina la kuvutia. Hatari ya kukuta kitu adimu kwenye picha ni kwamba kila mtu, daktari akiwemo, anakishangaa hicho na kuusahau ugonjwa wa kila siku uliolala pembeni yake.

Hata hivyo sitaki kubadilisha hukumu moja ya haraka kwa nyingine. Hiyo asilimia 50 ni ya mpakani. Kalisi hung'aa sana kwenye CT na kuufanya upungufu uonekane mkubwa kuliko ulivyo. Inawezekana kabisa ukawa mdogo kuliko ilivyoandikwa. Na inawezekana pia, kwa nadra, mshipa wa kulia uliovumilia miaka yote sasa ukaanza kulalamika kwa sababu presha imeunenepesha msuli wa moyo, na msuli mnene unadai damu zaidi. CT inaonyesha umbo tu. Njaa ya msuli inahitaji kipimo kingine.

Kipimo hicho ndicho ningekuomba ukidai kwenye miadi yako: kipimo cha moyo ukiwa kazini, chenye uwezo wa kuonyesha ni ukuta upi unaokosa damu. Mashine ya kukimbilia yenye ECG, kipimo cha umeme wa moyo, peke yake haitoshi kwako. Inaweza kusema kuna njaa lakini haisemi iko wapi, na kwako "wapi" ndilo swali lenyewe. Kinachofaa ni eko, picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, inayopigwa mara baada ya mazoezi au huku ukidungwa dobutamini, dawa inayoukimbiza moyo bila wewe kukimbia. Zipo pia picha za damu kwenye msuli kwa dawa zenye mionzi au kwa MRI, mashine ya picha za sumaku, penye uwezo huo. Ukuta wa mbele ukilegea wakati wa kipimo, mkosaji ni mshipa uliojaa mafuta. Ukilegea ukuta wa chini, basi mshipa wako wa kulia una kesi ya kujibu. Visipolegea vyote viwili, na moyo ulifika kasi inayotakiwa, hiyo ni habari njema sana. Hapo penye kasi pakazie macho. Kwa umri wako tunachukua 220 tunatoa 67, tunapata 153, na kipimo huhesabika kimekamilika moyo ukifika asilimia 85 ya hapo, yaani mapigo 130 hivi kwa dakika. Kipimo kilichosimamishwa kwenye 100 kwa sababu miguu imechoka hakijasema kitu. Kama umepewa dawa za kupunguza mapigo, uliza mapema kama uziache siku moja au mbili kabla. Usiziache kwa uamuzi wako, maana zikikatwa ghafla kifua kinaweza kubana zaidi.

Pamoja na hilo, mwombe aliyeisoma CT aongeze mambo ambayo majibu mengi huyaacha: tundu la mshipa ni duara au limebanana, sehemu iliyolala ndani ya ukuta wa aota ina urefu wa milimita ngapi, na pembe ya kutokea ni kali kiasi gani. Hayo ndiyo yanayomsaidia daktari kupima hatari. Picha zenyewe zichukue kwenye diski. Karatasi bila picha ina thamani ndogo mbele ya daktari wa pili, awe Dar es Salaam au popote.

Upasuaji je? Upo, na katika mikono iliyozoea unafanyika vizuri. Njia inayopendwa ni kuifungua aota na kuipasua kwa ndani ile sehemu ya mshipa iliyolala ukutani, ili tundu lipanuke na kuhamia kwenye kifuko chake. Nyingine ni kuukata mshipa na kuupandikiza mahali pake. Kuunganisha mshipa mwingine wa kupita pembeni, kama inavyofanyika kwa mishipa iliyoziba kwa mafuta, ni chaguo dhaifu kwa hitilafu hii: ukiwa umetulia mshipa wa asili unapitisha damu vizuri, mshipa mpya unakosa kazi na mara nyingi hujifunga wenyewe. Wapo pia waliowekewa stenti, kijibomba cha wavu wa chuma kinachotanua mshipa, kwenye tundu hilo, ila hiyo ni kazi ya wachache na mrija wenyewe ni shida kuuingiza mahali palipokaa upande. Yote yanayohusu kufungua kifua yana bei kwa mwili wa miaka 67: mashine ya kusimama badala ya moyo, figo, wiki za kupona.

Kuhusu nani apasuliwe, miongozo ya Marekani ya 2018 na ya Ulaya ya 2020 inakubaliana pale palipo wazi: mwenye dalili na ikathibitika kwamba msuli unaolishwa na mshipa huo huo unakosa damu, apasuliwe. Kwa mshipa wa kulia usio na dalili, usiosababisha njaa na usio na maumbile ya hatari, wa Ulaya unasema usiguswe. Wa Marekani unaacha nafasi ya kujadiliana. Wewe uko katikati, una dalili ambazo mwenyewe wake hajajulikana. Ndiyo maana namjibu mwanao wa Muscat hivi: asinunue tiketi ya India kwanza. Anunue kipimo. Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, iliyoanza mwaka 2015 pale Muhimbili, inapasua moyo na kuzibua mishipa kwa mrija. Ikionekana ukuta wa chini ndio wenye njaa na kwamba mkono uliozoea hitilafu hii hasa uko nje, rufaa itaandikwa na madaktari wenyewe, nawe utasafiri ukijua unakwenda kufanyiwa nini. Upendo wa mtoto aliye mbali hutaka kufanya jambo kubwa haraka. Naelewa, lakini kumpasua baba mshipa usio na hatia hakumwondolei ule wenye mafuta.

Wakati unangoja wiki hizi tatu, kuna mengi ya kufanya. Hukuniambia kama umeanzishiwa statini, dawa ya kushusha mafuta na kutuliza ukuta wa mshipa. Kama hujaanza, usingoje wiki tatu, nenda kwa daktari wa hapo Lushoto na majibu yako ukaiulize, pamoja na kipimo cha mafuta. Lehemu mbaya (LDL) kwa mtu kama wewe tunaitaka chini ya 1.8 mmol/L, wengine wanataka 1.4. Presha iwe chini ya 130 kwa 80 kama unaivumilia, na aspirini ndogo ijadiliwe, hasa kwa kuwa mara mbili umeambiwa una vidonda. Dawa za kupunguza mapigo nazo zinakufaa kwa pande zote mbili, kwa kuwa moyo unaopiga polepole hudai kidogo. Ukipewa kidonge cha kuweka chini ya ulimi kifua kinapobana, kitumie umekaa, na usikichanganye kamwe na vidonge vya nguvu za kiume. Presha inaweza kushuka ukaanguka. Naligusa hili bila kuulizwa kwa kuwa wazee wa rika lako hawaniulizi mpaka wawe wameshika kitasa cha mlango wakitoka.

Mama mwambie jembe lisifungiwe ghalani. Shuka shambani, palilia, tembea tambarare, pumzika kabla kifua hakijabana. Cha kuacha kwa sasa ni kupanda na mzigo, kubeba ndoo mbili kwa haraka na kukimbilia basi. Kitanda hakimlindi mwenye mishipa ya moyo, kinampa uzito na presha. Lakini kifua kikibana ukiwa umekaa, kikianza kubana kwa hatua chache kuliko zamani, kisipoachia ndani ya robo saa, au ukizimia, miadi ya wiki tatu haipo tena. Ni gari, usiku huo huo, hospitali yenye ECG. Kama huna mzio wa aspirini na hutokwi damu popote, tafuna moja ya miligramu 300 njiani.

Kwa wasomaji wengine mlioniandikia mna majibu yanayofanana na haya lakini si yenyewe: mshipa unaozunguka nyuma ukitokea kulia na kupita nyuma ya aota ni miongoni mwa aina zinazoonekana sana, na wenyewe hauna ubaya. Mwambieni tu daktari wa upasuaji siku mtakapobadilishwa valvu, kwa kuwa uzi au pete ya valvu inaweza kuukaba. Mshipa uliozama ndani ya msuli wa moyo kwa sehemu fulani hukutwa kwa karibu mtu mmoja kati ya wanne wanaopigwa CT, na wengi hawahitaji chochote. Ila ikiandikwa kwamba mshipa wa kushoto unatokea kulia na kupita kati ya aota na mshipa wa mapafu, au unatokea kwenye mshipa wa mapafu wenyewe, msisubiri jibu la barua. Hizo ni za kuonwa na bingwa ana kwa ana hata kama hamna dalili, na kwa umri wowote.

Na mjukuu wako wa mpira, Mwalimu. Hitilafu hizi kwa kawaida hazirithiwi; visa vya ndugu wa damu wawili vimewahi kuandikwa, lakini ni vya kuhesabika. Mtoto asiye na dalili simtoi uwanjani kwa sababu ya CT ya babu yake. Mwulize mwenyewe, bila kumtisha, mambo matatu: amewahi kuzimia au kutaka kuzimia akiwa anakimbia, kifua kimewahi kumbana au kumuuma katikati ya mchezo, mapigo yamewahi kumwenda ovyo ghafla. Likiwepo hata moja, asimame kucheza hadi apigwe eko na mtu anayejua kutafuta matundu ya mishipa hiyo, kwa kuwa eko ya kawaida mara nyingi haiyaangalii. Yasipokuwepo, mwache acheze.